Maji ya Mlango wa Sita

Anyisile alimjua baba mkwe wake kwa miguu. Sura hakuwahi kuiona. Mguu wa kulia wa mzee ulikuwa mzima, wa kushoto ulikosa kidole kidogo, na pembeni palikuwa na tundu la fimbo. Hatua, hatua, tundu. Anyisile akiziona alama hizo njiani, na kingo zake bado zina unyevu, alijua mzee amepita sasa hivi. Hapo alijitosa migombani, akajifunika uso kwa nguo, akangoja mpaka kikohozi kipotelee mbali.

Hiyo ndiyo desturi ya Wanyakyusa, na wenyewe huiita ukutila. Mke wa mtoto hamwoni baba mkwe wake, haonwi naye, wala jina lake halitamki. Tena si jina tu, hata neno linalofanana na jina hulikwepa. Na hapo ndipo Anyisile alipopatikana, maana jina la mzee lilikaribiana mno na neno la Kinyakyusa la maji, amisi. Hebu fikiria, mtu anaishi pembeni ya Ziwa Nyasa, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, mito imezagaa kila upande, halafu hawezi kusema maji! Tangu alipoolewa na Eliya alisema "kile cha baridi." Mvua ikija, cha baridi kinaanguka. Mto ukifurika, cha baridi kimepanda.

"Na kikichemka?" Rut, jirani yake, alikuwa akimtania. "Utakiitaje? Cha baridi cha moto?"

Kiswahili alikiokota kidogo kwa wapagazi, na kwa Kiswahili angeweza kusema maji bila kosa. Lakini mwaka ule neno hilo nalo lilikuwa na miiba. Huko mashariki na kusini watu walikuwa wakipigana na Wadachi, yaani Wajerumani, wakiamini dawa ya maji itawakinga na risasi, na nyapara alishaonya kwamba atakayelipaza mbele ya askari asije akalia. Basi Anyisile akabaki na cha baridi chake.

Kijijini desturi hii haikuwa mzigo mkubwa, kwa sababu vijana walijenga kijiji chao na wazee wakabaki na chao. Iliyoleta taabu ni nyumba ndefu.

Nyumba ndefu ilijengwa karibu na Itungi kwa ajili ya watu waliokata kuni za meli ya Wadachi. Ilikuwa ya matofali, paa moja la nyasi, na milango sita iliyotazama uwanja mmoja. Aliyeipanga hakujua ukutila ni nini, wala hakuuliza. Mlango wa kwanza alikaa Angetile na mumewe, wa pili Rut na wake. Wa tano alipewa Eliya na Anyisile. Wa sita, ukuta kwa ukuta, akapewa baba yake Eliya na mkewe Neli.

Anyisile alisikia kila kitu. Alisikia mzee akijigeuza kitandani, alisikia fimbo ikiegemezwa. Siku za mwanzo hakuthubutu kutoka nje hata kwa haja, mpaka Neli mwenyewe alipobuni njia. Neli alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka. Alichukua mwiko, akagonga ukutani: tok, tok. Mara mbili maana yake mzee ametulia ndani, pita mwanangu. Mara tatu maana yake mzee anatoka, rudi nyuma. Kwa mwiko huo Anyisile na mzee waliishi chini ya paa moja bila kuonana.

Sasa maji. Kisima kilichochimbwa uwanjani kilitoa tope jeusi lililonuka. Yaliyonyweka yalikuwa ya mtoni tu, na mto ulikuwa na mamba. Zamani wanawake wa milango sita walishuka wanavyotaka, asubuhi mmoja, jioni wawili, anayemwaga anarudi tena. Mpaka siku moja ya jua kali Neli aliposhuka peke yake. Rut alikuwa akichuma mboga ng'ambo ya migomba, akasikia chungu kikipasuka. Walipofika walikuta shingo ya chungu tu, imesimama kwenye matope kama mdomo unaotaka kusema. Neli hakuonekana tena. Mzee alichukua fimbo yake akaenda Ipinda kwa ndugu zake kuomboleza, na mlango wa sita ukafungwa.

Kuanzia hapo nyumba ndefu ilijifunza kubana maji. Angetile ndiye aliyeshika mambo. Alikuwa na sauti ambayo mumewe mwenyewe aliisikia akiwa msituni, na hakupenda mchezo.

"Kila chungu kinachopanda kutoka kule kimebebwa na roho ya mtu," aliwaambia. "Tuache kuchezea."

Likatafutwa jungu kubwa kutoka Ikombe, kazi ya wafinyanzi wa Kikisi, likaletwa kwa mtumbwi, watu wanne kulibeba kutoka ufukweni. Likakalishwa kivulini chini ya upenu, juu ya mafiga matatu, likafunikwa jani la mgomba jua lisinywe maji. Mtoni wakawa wanashuka mara moja tu kwa siku, jua likiwa utosini, wote pamoja, kwa makelele na mti mrefu wa kupigia maji kabla ya kuinama. Waliyopandisha yote yalimiminwa kwenye jungu, na jioni kila mlango ulichotewa kata nne za kibuyu. Maji yaliyooshea mchele yaliloweka maharage. Yaliyomwogesha mtoto yalifua nguo, kisha yakamalizikia kwenye shina la mgomba. Vyungu vya kupikia vilisuguliwa kwa majivu na majani makavu. Kwa kweli ilisaidia. Walikuwa wakishuka mara sita, saba kwa siku. Sasa mara moja, na tena wote wanarudi.

Siku ya kugawa kwa mara ya kwanza Rut alihesabu kwa vidole. "Milango sita, kata nne nne."

"Mitano," Angetile alimrekebisha. "Aliyekufa hanywi."

Hakuna aliyebisha. Ilikuwa kweli, na mlango wenyewe ulikuwa umefungwa.

Lakini baada ya miezi miwili mzee alirudi kutoka Ipinda. Alirudi kimya, akafungua mlango wake, akakaa nyuma yake akisuka migono ya kuvulia samaki. Jioni alikula na wanaume kotoni, pale wanaume wanapoketi, na kotoni palikuwa na kibuyu cha kunywea, basi wanawake wakaona mzee ameshapata. Kwamba kutoka asubuhi mpaka jioni mtu anakauka koo, na matete ya kusukia hayapindiki mpaka yaloane, hilo halikumjia mtu. Mwanamume wa umri wake hawezi kushuka mtoni na chungu kichwani, watoto wangemwimba. Eliya alikuwa juu mtoni kwenye kambi ya kuni, akirudi mara moja kwa wiki. Mkwe wake hawezi kumsogelea. Rut alidhani Angetile anampelekea. Angetile alidhani ni Rut. Na Anyisile, ambaye angepaswa kuliwaza hilo kabla ya wote, alikuwa ameshughulika kumkwepa.

Ndipo jungu likaanza kupungua.

Angetile alikuwa amepiga mstari wa masizi kwa ndani. Wakitoka kwenda mtoni maji yanagusa mstari, wakirudi yameshuka vidole vinne. Siku ya kwanza wakasema ni joto. Siku ya pili wakaangalia kama jungu lina ufa, Angetile akaligonga kwa ukucha akalisikiliza, likalia vizuri, zima. Siku ya tatu Rut akasema, akicheka, "Ni Neli. Amekuja kunywa."

Kicheko kile hakikupata mwenzake. Kila mmoja alikumbuka kwamba Neli alikufa na maji yako njiani kuja kinywani.

"Mzimu una kata?" Angetile aliuliza. Akawatazama mmoja mmoja, macho yakakomea kwa Anyisile. "Mwenzangu, wewe ndiye wa mwisho kutoka kila siku."

"Naangalia njia, dada. Unajua sababu."

"Unaangalia njia, au unaangalia jungu?"

 Ni kweli Anyisile alitoka wa mwisho. Tangu ukuta ulipoacha kugonga, alibaki na ardhi tu ya kumwambia mzee yuko wapi, na kusoma ardhi kunahitaji muda.

"Basi sikilizeni," Angetile alisema. "Mstari ukishuka tena, aliyetoka wa mwisho atakwenda kurudisha kilichopungua. Peke yake. Asiye na hatia hana cha kuogopa."

Peke yake mtoni.  Tangu Neli, hakuna mwanamke wa nyumba ndefu aliyeshuka peke yake.

Kesho yake Anyisile alijiapiza kutoka wa kwanza. Alishika chungu mapema, akafungua mlango, na pale pale kizingitini akaona: hatua, hatua, tundu, bado mbichi, zinakwenda nyuma ya nyumba. Akarudi ndani. Akasikia wenzake wakiondoka kwa makelele, mti ukigonga mawe, mpaka sauti zikafifia. Uwanja ukanyamaza. Halafu kikohozi.

Alijikunyata nyuma ya mlango na nguo usoni. Jani la mgomba lilinyanyuliwa. Kata ikazama, maji yakamiminika kwenye kibuyu chembamba, sauti ikipanda kadiri kinavyojaa. Mtu akanywa hapo hapo, kwa pupa, kama anayeogopa kunyang'anywa, akapumua kwa nguvu, akachota tena. Mlango wa sita ukafungwa.

Anyisile alipotoka, ukweli wote ulikuwa umeandikwa chini. Matone kutoka kwenye jungu mpaka mlangoni, na katikati ya matone unyayo uliolowa, vidole vinne.

Angeweza kuwangoja wenzake awaonyeshe. Angeweza hata kuzunguka na maneno, kama alivyozoea: yule wa mlango wa sita amechota cha baridi. Lakini hiyo ingekuwa kumwita mzee mwizi mbele ya wanawake, yeye, mkwe wake, asiyeruhusiwa hata kumtaja kwa wema. Wazee walisema mke wa namna hiyo tumbo lake hufunga, na miaka mitatu sasa Anyisile alikuwa bado anangoja mtoto. Isitoshe, aliisikia ile pumzi. Mwizi hapumui vile. Ilikuwa pumzi ya mtu mwenye kiu.

Akachukua ufagio akafagia uwanja mzima.

Alikuwa anamalizia walipotokea. Angetile alisimama na chungu kichwani. "Nani hufagia saa hizi? Jua lote hili?" Akatua, akanyanyua jani, akachungulia. Akalirudisha jani. "Chukua chungu chako."

"Nimsindikize," Rut alisema.

"Hapana."

"Basi nitaimba," Rut akamwambia Anyisile. "Nitaimba hapa kwa nguvu. Ukinisikia, hauko peke yako, eti?"

Aliimba kweli. Lakini njia ya mtoni inakata kona penye matete, na Anyisile alipopita kona wimbo ulikatika kama uzi.

Mtoni palikuwa kimya. Hakukuwa na upepo, na maji yalikuwa mazito, rangi ya chai. Shingo ya chungu cha Neli ilikuwa bado pale kwenye matope, miezi yote ile, mdomo juu. Anyisile hakuwa na mti wa kupigia maji, ulikuwa umebaki nyumbani na wenzake. Alisimama muda mrefu.

"Mama," alisema mwisho. "Nigongee."

Alisema tu, kama mtu anavyojisemea. Na kutoka ndani ya matete ikaja: tok, tok.

Labda lilikuwa gogo limegusana na gogo. Labda ndege. Mwili wa Anyisile haukuuliza. Mara mbili, pita mwanangu. Akashuka, akainamisha chungu, kikaanza kunywa. Alipokuwa akingoja kijae alinyoosha mkono wa pili, akashika ile shingo, akaing'oa kwenye matope. Ilitoka kwa sauti ya kubusu.

Tok.

Moja zaidi. Imechelewa, lakini ni ya tatu. Mara tatu, rudi nyuma! Anyisile aliruka kabla hajajua kwamba ameruka, na pale alipokuwa ameinama maji yalipanda yakapasuka, kitu kirefu chenye magamba kikafunga taya juu ya hewa. Alikimbia mpaka kona ya matete, mpaka wimbo wa Rut ukaungana tena masikioni mwake. Chungu kilikuwa bado mikononi, nusu. Na shingo ya chungu cha Neli.

Wanawake walikuwa uwanjani, hakuna aliyekuwa amekaa. Anyisile aliwapita. Alimimina nusu ile kwenye jungu. Akaingia ndani, akatoka na chungu kidogo, akaenda mpaka hatua tatu kutoka mlango wa sita, uso ameufunika, akaikalisha shingo ya Neli chini kama wanavyokalisha wote kigae cha kushikilia chungu. Juu yake akaweka kile kidogo.

"Neli ana kiu," alisema. "Mlimfutia kata zake, ndiyo maana anajichotea."

"Aliyekufa hanywi," Angetile alisema, lakini sauti ilikuwa ndogo.

"Nimemsikia kule. Kama siye yeye, msingeniona hapa." Akaonyesha nguo yake iliyochanika pindoni, hata yeye mwenyewe hakuwa ameiona mpaka wakati ule. "Au kesho uende wewe, dada, ukamwulize."

 Angetile aliishika kata. Akachota moja, nusu ikamwagika, akachota ya pili, ya tatu, ya nne, akajaza chungu kidogo.

Kesho yake walipotoka mtoni, mstari wa masizi ulikuwa umeguswa na maji, haukupungua hata ukucha. Chungu cha Neli kilikuwa kitupu. Rut alijishika kifua. Tangu siku hiyo wanawake wa nyumba ndefu waligawa milango sita, na hakuna aliyeruka zamu, hata mwezi wa joto kuliko yote. Zilipita siku wakajinyima wenyewe kata moja, wasiipunguze ya Neli.

Wiki ile ile Anyisile alikuta kitu kizingitini kwake. Ilikuwa ngata ya kubebea chungu kichwani, imesukwa kwa matete, laini, haina hata jicho moja lililolegea. Pembeni yake, hatua, hatua, tundu. Hakuwa na njia ya kusema ndaga, asante. Aliivaa tu kila siku mchana, akijua kuna mtu nyuma ya mlango anayesikia wanawake wakipita.

Mtoto alikuja mwaka uliofuata, wakamwita Ipyana, na baadaye wakaja wengine wawili. Angetile alizeeka, sauti ikapungua. Siku moja walipokuwa wakipepeta mchele alisema bila kuinua kichwa, "Mzimu wako una kikohozi."

"Mimi sijasikia, dada."

"Wala mimi." Akaendelea kupepeta.

Mzee alikufa mwaka ule vita ya Wadachi na Waingereza ilipoanza. Anyisile alilia akiwa nje, uso umefunikwa, na mpaka wanamfukia hakuiona sura yake. Matanga yalipokwisha, wanawake wakubwa walimfanyia ya kufanya ili desturi imwachilie. Uwanja ukafurahi kidogo. Rut, ambaye sasa alikuwa na meno machache lakini utani ule ule, alimvuta mpaka kwenye jungu.

"Sema sasa! Leo sema! Miaka yote hii nimechoka na cha baridi chako."

"Nitasema."

"Sema basi, tusikie!"

Watoto walikusanyika wakicheka. Anyisile aliona haya. Akatazama pembeni, na macho yakaangukia mlango wa sita, umefungwa tangu mazishi, na kile chungu kidogo mbele yake juu ya shingo ya Neli. Jana jioni Rut alikuwa amekijaza, kwa mazoea.

Kilikuwa kitupu.

Aliinama akasoma ardhi. Mavumbi yalikuwa laini, yametulia. Hakuna hatua, hakuna tundu. Udongo wa Ikombe hutoka jasho, jua nalo hunywa, Anyisile alijua hayo yote. Akachota kata nne akazimimina polepole, sauti ikipanda kadiri chungu kinavyojaa. Halafu, kwa sababu walikuwa wanamngoja, akasema.

"Amisi."

Neno lilitoka kubwa kuliko alivyotaka, likagonga ukuta, likarudi. Lilisikika kama anamwita mtu. Kabla hata watoto hawajamaliza kushangilia, mikono yake ilikuwa imeshavuta nguo na kumfunika uso, naye akasimama hivyo, akisikiliza.

"Mama," Ipyana alimwuliza, "unamkimbia nani?"